Nilikuwa na matawi matatu ya twisheni, yote yakafa. Wajapani wa Kumon walifanyaje?

Mzee wa Chaki (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu, sina kinyongo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, siku hizi nauza vifaa vya shule. Mwaka 2014 nilifungua twisheni Tabata Kimanga: frem moja, mabenchi manne ya kuchongesha, ubao wa plaiwudi niliopaka rangi nyeusi mwenyewe. Mwaka wa pili wanafunzi hawaenei, wengine wanakalia kizingiti. Nikafungua Segerea, halafu Kinyerezi. Hapo ndipo nilipoanza kujiita mkurugenzi.

Segerea nilimweka kijana wa hesabu na fizikia. Kijana balaa. Akimaliza swali ubaoni madogo wanashangilia kama wako uwanjani. Mwezi wake wa kumi na nne pale, Jumatatu, nafika saa kumi jioni, darasa la watu sitini lina watu tisa. Nauliza wenzenu wako wapi, binti mmoja ananijibu kwa adabu kabisa: "Ticha kahamia kule nyuma ya msikiti, ametuambia tubebe daftari tu." Mita mia mbili kutoka mlangoni kwangu!

Kinyerezi mwalimu hakuondoka, tatizo likaja kivingine. Wazazi wenye watoto huku na kule wakawa wananipigia simu: mbona Kimanga mtoto anafundishwa kugawanya hivi na Kinyerezi vile? Sikuwa na jibu. Jina moja mlangoni, ndani twisheni tatu tofauti. Mwisho wa 2017 nilibaki na mabenchi.

Tangu hapo nina swali moja: inakuwaje twisheni ikawa na vituo Osaka, New York na Nairobi, na mtoto akihama mji anaendelea pale pale alipoachia? Nimeisoma sana hiyo Kumon, kampuni ya twisheni ya Kijapani, nawapa nilichokipata.

Mwaka 1954, huko Osaka, kulikuwa na mwalimu wa hesabu wa sekondari anaitwa Toru Kumon. Mtoto wake Takeshi, darasa la pili, alifanya vibaya mtihani wa hesabu. Mama mtu, Teiko, ndiye aliyeukuta ule mtihani, akamjia juu mumewe: wewe unafundisha watoto wa wenzio, wako je? Sasa baba anarudi jioni amechoka kama sisi wote. Akaanza kumwandikia mtoto maswali kwa mkono kwenye karatasi. Mtoto anayafanya mwenyewe mchana, nusu saa hivi, baba anasahihisha usiku, anaandika ya kesho. Kila siku. Takeshi alipofika darasa la sita alikuwa anakokotoa kalkulasi, hesabu za juu za sekondari.

Mwaka 1955 wakafungua kituo cha kwanza Moriguchi, hapo hapo Osaka. Mwaka 1958 ikawa kampuni yenye ofisi. Mwaka 1974 wakavuka hadi New York. Leo wana wanafunzi zaidi ya milioni 3, nchi na maeneo zaidi ya 50.

Sasa hapa ndipo nilipokaa nikajikuna kichwa. Zile karatasi ziliandikwa kwa sababu mwalimu *hayupo nyumbani*. Ilibidi zifundishe zenyewe. Swali la pili linajengwa juu ya la kwanza, kwa hatua ndogo kiasi kwamba mtoto hashtuki. Kwenye ngazi yao ya 3A mtoto anajumlisha moja, mbili na tatu tu, basi. Anarudia mpaka hafikirii tena. Ngazi zinaanzia 7A mpaka O, kila ngazi karatasi 200. Anayesimamia kituo hasimami ubaoni. Anaangalia mtoto ametumia dakika ngapi na amekosa wapi, kisha anaamua kesho apewe karatasi ngapi, asonge au arudie.

Mimi nilikuwa nauza mwalimu. Wao wanauza karatasi. Mwalimu ana miguu.

Karibuni, nakosolewa bila shida.

---

Kobe la Ubungo

Naweka kambi hapa. Chai tayari.

---

Mpinga Mkumbo

Mkuu umeandika vizuri ila umetekwa. Hao ni mafundi wa kukariri. Mtoto anafanya 7×8 mara mia tano, siku anakutana na swali la maneno, "Juma alinunua machungwa akauza robo tatu", anakodoa macho. Hata huko kwao lawama hiyo ipo miaka nenda rudi. Wengine wamepata soko kwa kusema sisi tunafundisha kuelewa, mfano Mathnasium waliofungua Los Angeles mwaka 2002, nao wamesambaa kwa franchaizi, yaani mwenye kituo analipia kutumia jina na mfumo wao.

Halafu mzazi wa Kitanzania haendi twisheni kutafuta msingi. Anataka mtihani wa taifa. Anataka pasti pepa zimalizwe kabla ya Oktoba.

---

Mzee wa Chaki

Mpinga Mkumbo, kwenye kukariri sikubishii, ni kweli Kumon si somo zima la hesabu. Ila nikuulize wewe uliyeshika chaki, maana naona unajua. Umewahi kupata mwanafunzi wa kidato cha pili anayeelewa mlinganyo vizuri kabisa, anakueleza hatua zote kwa mdomo, halafu anakosa jibu kwa sababu 56 toa 19 aliandika 43? Mimi darasani nilikuwa nao nusu. Nilikuwa na binti anahesabu kwa kugusa vidole kwenye paja, chini ya benchi, ili wenzake wasimwone. Kidato cha pili. Hakuna mwalimu yeyote, nikiwemo mimi, aliyekuwa na muda wa kumrudisha darasa la tatu. Na ukimrudisha mbele ya wenzake unamuua.

Hapo karatasi inakushinda wewe na mimi. Kila mtu na yake, hakuna anayejua jirani yuko ngazi gani.

---

Mswahili wa Houston

Habari za huko wadau. Niko Texas mwaka wa kumi na moja. Mtoto wangu wa pili alikwenda Kumon miaka mitatu, wacha niwape picha.

Kituo chenyewe usidhani jumba. Ni frem kwenye safu ya maduka, huku duka la kucha, huku wanauza piza. Ndani meza ndefu, ukimya. Mtoto anaingia, anachukua folda yake kwenye rafu, anakabidhi kazi ya nyumbani, anakaa, anaandika muda wa kuanza juu ya karatasi. Kalamu ya risasi tu. Akimaliza anaandika muda wa kumaliza, anapeleka mezani. Kule wamekaa wanafunzi wa sekondari wawili watatu wanasahihisha, vijana wa miaka kumi na sita, wanalipwa kwa saa. Wana kitabu cha majibu. Palipokosewa panawekwa alama, mtoto anarudishiwa, arekebishe mwenyewe mpaka karatasi yote iwe mia kwa mia. Halafu nyumbani! Mara mbili kwa wiki kituoni, siku nyingine zote anapewa za kufanya nyumbani. Sikukuu ya Idi tumekaa na pilau mezani, dogo anamalizia karatasi tano. Bibi yake kwenye simu alitusema sana.

Mama mwenye kituo alikuwa Mhindi, mhandisi aliyeacha kazi alipojifungua. Alikuwa anawajua watoto wote kwa jina na ngazi zao.

---

Dada wa Hesabu

Asante Houston, hiyo ndiyo tunataka. Lakini jamani tuache mapenzi, tuongee hela. Huyo mama analipa nini makao makuu?

---

Mswahili wa Houston

Dada, kwa Marekani ada ya kuingia imekuwa ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Kabla ya hapo lazima uwe na digrii, ufanye mtihani wa hesabu na upitie mafunzo. Frem, meza, matangazo ni juu yako, na hizo ndizo zinazokula hela. Kisha kila mwezi unalipa mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina na karatasi zao, kwa kichwa: kiasi maalumu kwa kila mtoto kwa kila somo. Mtoto akisoma hesabu na kusoma-kuandika, hao ni wawili.

Mathnasium wao wanachukua asilimia 10 ya mapato. Falsafa tofauti.

---

Dada wa Hesabu

Kwa hiyo kwa kichwa, si kwa asilimia. Nimependa, maana makao makuu hayana haja ya kuja kukagua daftari lako la mapato, yanahesabu karatasi yalizokutumia.

Sasa Mzee wa Chaki nikupigie hesabu ya hapa kwetu, maana najua unakoelekea. Tuseme mtoto anafanya karatasi tano kwa siku, 150 kwa mwezi. Rimu ya A4 nanunua elfu 13, karatasi 500, sawa na shilingi 26 moja. Ukizikata nusu, 13. Mara 150 ni shilingi 1,950. Ongeza wino na mashine ya kudurufu, kuna kukata, kupanga, kubana pini, kusafirisha. Ukipona kwa 3,000 mshukuru Mungu. Twisheni mtaani ni elfu 15 kwa mwezi. Ukimtoza mwenye tawi mrabaha wa elfu 3, umefanya kazi ya bure. Elfu 5 ndiyo unaanza kupumua, lakini yeye atakuona mnyonyaji.

---

Kobe la Ubungo

Halafu ndani ya wiki mbili karatasi zako zote ziko kwenye makundi ya WhatsApp, na steshenari ya jirani inaziuza mia mia 😂

---

Mzee wa Chaki

Dada wa Hesabu, umenishika pabaya, hiyo hesabu nilikuwa naikwepa.

Kobe, ya wizi imenisumbua pia, ila fikiria: akiiba ngazi nzima, karatasi 200, atafanya nini nazo? Atawagawia darasa zima karatasi moja siku moja, kama sisi tunavyogawa pasti pepa. Kazi iko kwenye kujua huyu leo apewe 61 mpaka 65 na yule arudi 40. Hiyo haipigwi picha.

---

Nairobi Kwa Wote

Hamjambo majirani. Huku Nairobi vituo vya Kumon vipo, ila ni vya tabaka lenye uwezo. Mzazi anayelipa karo ya shule ya kibinafsi ndiye anayeongeza hiyo juu. Mtaani kwangu twisheni ni mwalimu anayekuja nyumbani jioni, mnaelewana naye.

Jambo ambalo hamjaligusa ni sheria. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inapiga marufuku twisheni ya likizo. Faini mpaka shilingi laki moja za Kenya, au jela mpaka mwaka mmoja, au vyote. Shabaha ilikuwa zaidi shule zilizokuwa zinawazuia watoto likizoni na kudai pesa. Hata hivyo ukianzisha biashara inayotegemea likizo, ujue unajenga kando ya mto.

Na aliye na hamu ya kukua haraka aangalie Uchina. Julai 2021 serikali ilitoa amri kwamba kampuni za twisheni za masomo ya shule zisifanye faida, na zisifundishe masomo hayo wikendi wala likizo. Makampuni yenye vituo kila mji, yanayouza hisa New York, yaliporomoka. Korea Kusini nako, Seoul, vituo lazima vizime taa saa nne usiku. Twisheni ikishakuwa kubwa sana, serikali inaanza kuiona kama tatizo.

---

Mpinga Mkumbo

Jirani umeongea. Twisheni ni biashara inayokula udhaifu wa shule. Shule zikipona, inakufa. Nani anataka shule zipone akiwa na matawi arobaini?

---

Mswahili wa Houston

Mpinga, kuna mfano wa upande wa pili. Mwaka 1988 shule moja ya msingi ya umma, Sumiton, jimbo la Alabama, iliingiza karatasi za Kumon ndani ya darasa la kawaida. Magazeti makubwa ya Marekani yaliandika, na hapo ndipo jina lilipoanza kupaa huku. Kwa hiyo si lazima ugombane na shule. Bangladesh nako BRAC, lile shirika kubwa la maendeleo, ndilo linaloendesha Kumon.

---

Mwalimu Mhamaji

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Mzee wa Chaki, kwanza nikutoe wasiwasi, si mimi wa Segerea. Ila mimi ni mwalimu wa aina hiyo hiyo, kwa hiyo naomba nafasi niongee kwa niaba ya wenye miguu.

Nilikuwa kwenye kituo kimoja Mwanza. Wanafunzi 70, kila mmoja elfu 15 kwa mwezi. Piga: milioni moja na elfu hamsini. Mimi nalipwa laki mbili na nusu. Frem laki na nusu, umeme na mengineyo tuseme elfu hamsini. Bosi anabaki na laki sita. Na bosi alikuwa anakuja tarehe tano ya mwezi, kuchukua daftari la ada. Kuna watoto pale walikuwa hawamjui sura. Siku mtoto mmoja alizidiwa na malaria darasani, mimi ndiye niliyempakia bodaboda nikampeleka kwao. Niliporudi bosi akaniuliza kwa nini kipindi cha pili sikufundisha.

Mnasema nilihama na wanafunzi. Wanafunzi walikuwa wa nani?

Sasa mmesema Kumon wanauza karatasi, sawa. Lakini rudini muangalie kile alichosema mtu wa Houston mkakipita kama hamkukisoma. Yule mama Mhindi *kituo ni chake*. Hata Japani kwenyewe zamani, waliofungua vile vituo wengi walikuwa akina mama wa nyumbani, wasomi ambao ajira zilikuwa hazina nafasi yao, wakafungulia sebuleni au kwenye chumba cha jirani. Makao makuu yanakula kiasi kinachojulikana kwa kila mtoto, kinachobaki ni chake. Akiongeza mtoto wa 71, anafurahi yeye. Ahame aende wapi? Ajihame mwenyewe?

Ningepewa mimi ile Mwanza kwa masharti ya Dada wa Hesabu, elfu 5 kwa kila kichwa kwako, karatasi unaniletea wewe, frem nalipa mimi, ningebaki na laki tano kasoro kidogo badala ya mbili na nusu. Na wewe ungechukua laki tatu na nusu bila kukanyaga Mwanza. Toa gharama ya karatasi unabaki na laki moja na arobaini. Pungufu ya laki sita, najua. Lakini laki sita yenyewe ilidumu mwaka na miezi minne.

Nimalizie kwa aibu yangu. Nilipofungua changu nyuma ya soko, nikaajiri msaidizi. Nikamlipa laki moja na themanini. Baada ya miezi minane akanihama na watoto thelathini.

---

Kobe la Ubungo

😂😂😂 Hiyo ya mwisho imeniua

---

Dada wa Hesabu

Nimekagua hesabu zako mwalimu, ziko sawa. 1,050,000 toa 350,000 toa 200,000 ni 500,000 kamili, "kasoro kidogo" ni ya chaki.

Mzee wa Chaki, ulipomweka yule kijana Segerea, ulikuwa unamlipaje?

---

Mzee wa Chaki

Elfu tano kwa kipindi. Vipindi kumi na mbili kwa wiki.

Mwanzoni. Alipoomba saba nilimwambia tusubiri mwaka mpya.

---

Mpinga Mkumbo

Mzee, leo nakuonea huruma, sikushambulii.

---

Mzee wa Chaki

Nisameheni nilikuwa kimya siku nne, nilikuwa nafanya kazi.

Nimeandika karatasi 60 za kujumlisha na kutoa, kwa mkono kwanza, halafu mwanangu akanichapia. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Karatasi ya 1 mpaka 20 zilitoka usiku mmoja nikajiona bingwa. Nikampa mtoto wa jirani, darasa la tatu, nikakaa pembeni bila kusema neno, ndiyo sharti nililojiwekea. Akateleza vizuri mpaka ya 14. Ya 15 akasimama. Akaniangalia. Kalamu mdomoni. Nilikuwa nimeruka hatua: kutoka kutoa bila kukopa nikaenda moja kwa moja kwenye 52 toa 37. Kichwani mwangu ni hatua moja, kwake ni ukuta. Ubaoni ningesema "hapa tunakopa" na maisha yangeendelea, nisingejua kamwe kwamba pana shimo. Ile hatua moja imenilazimu kuandika karatasi sita mpya katikati. Na hapo ni kukopa tu, sijafika kwenye sehemu. Karatasi elfu nne na ushee walizonazo wale watu wa Kumon, sasa nawaelewa.

Kuhusu mgao, elfu 5 kwa kichwa nimekubali, na frem iwe kwa jina la mwenye tawi. Nitakwenda kwa mwanasheria kuandikisha mkataba, na BRELA, wasajili wa biashara, kwa ajili ya jina, kabla sijagawa karatasi hata moja.

---

Mwalimu Mhamaji

Tawi la kwanza unampa nani?

---

Mzee wa Chaki

Namba yake bado ninayo. Nimempigia leo mara mbili hakupokea. Baadaye akatuma meseji: "Niko darasani mzee, nikimaliza saa mbili nitakucheki."